Mama Mkwe Hapandi Tairi Gumu

Kilian wa Kitura ni mtu wa kahawa, na mtu wa kahawa akiwa na kiganja hahitaji mizani. Gunia likijaa analipiga kofi, anatega sikio. Likimjibu kwa sauti ya kulegea, analishindilia tena mpaka lisimame lenyewe kama mgambo siku ya gwaride. Kwa hiyo aliponunua pikapu mpya, mpya ya nailoni kwenye viti, aliipeleka kwa fundi wa upepo pale Mbinga mjini alfajiri yenye baridi, akaizunguka akiyapiga makofi matairi yote manne. Hakuna hata moja lililomridhisha.

"Ongeza," akamwambia fundi.

"Mzee, nimeshapita kiasi."

"Ongeza. Tairi limebonyea chini namna hii, watu watasema nimeuziwa gari lenye njaa."

Edina, mke wake, alikuwa amekaa ndani na mlango uko wazi, anasoma kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango. "Baba Ephrasia, hapa wameandika upepo ishirini na tisa, mbele na nyuma. Mzigo ukiwa mzito, nyuma arobaini."

"Wameandika kwa ajili ya huko kwao. Huko gari linabeba mtu na miwani yake. Sisi tunabeba kahawa."

"Lakini leo tunambeba mama."

"Ndiyo maana. Mama yako si mtu wa kubebwa na tairi legelege."

Fundi akaongeza. Kilian akapiga kofi, tairi likalia kama ngoma ya kwaya, naye akachanua uso mzima.

Majirani aliwaambia amenunua pikapu kwa ajili ya kahawa. Uongo mtakatifu. Aliinunua kwa ajili ya Notburga, mama mkwe wake, anayekaa Mbamba Bay karibu na maji. Kilian alikuwa ameishi na Edina miaka kumi na mmoja, na mama mkwe hakuwa amekanyaga uwanja wake hata siku moja. Kila akialikwa, jibu lilikuwa hilohilo: milima ile na tumbo langu havipatani. Na mwanaume ambaye mama mkwe hajawahi kula kwake, watu humtazama kwa pembeni, kana kwamba ana jambo amelifunika chunguni. Sasa Jumapili binti yao Ephrasia alikuwa anapokea komunio ya kwanza, na bibi alikuwa ametuma neno: "Nitakuja, kama hilo gari ni gari kweli. Likinirusha nateremka, na msiniite tena."

Wakashuka ziwani. Kwenye kona za lami pikapu ilirukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

"Unaona ilivyo nyepesi?" Kilian akauliza.

Edina alikuwa anajipapasa utosi.

Notburga walimkuta tayari, vitenge viwili kiunoni, jogoo wa mjukuu kwapani. Edina akapanda nyuma kushikilia gunia la mchele na kapu la usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Ndani wakabaki wawili, mkwe na mama mkwe, na hapo pakawa na shida. Notburga ni mtu wa mila za zamani: mama mkwe hasemeshani na mkwe wake uso kwa uso, neno hupitia kwa mtu wa tatu. Na mtu wa tatu alikuwa amekalia mchele huko nyuma. Akabaki jogoo.

Njia ya kutoka pale nyumbani hadi lami ni ya vumbi, mvua imeichonga matuta matuta. Tuta la kwanza, Notburga akateleza juu ya nailoni hadi mlangoni. La pili likamrudisha.

"Jogoo," akasema akitazama mbele, "hivi huyu anayetuendesha matairi yake ameyajaza upepo au mawe?"

Kilian naye akapitia kwa jogoo. "Jogoo, mwambie mama hili gari ni jipya, bado halijaizoea njia."

"Jogoo, mwulize, linaizoea kwa makalio ya nani?"

Tuta la tatu, kilemba kikagonga paa. Jogoo akapiga ukelele, akaachia alichokuwa nacho tumboni juu ya kiti, na nailoni kwa mara ya kwanza ikamfaa mtu.

"Jogoo, simamisha gari."

Likasimama. Notburga akateremka, akaweka vitenge vyake sawa, akamwambia Edina kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Mjukuu wangu nitamwombea nikiwa hapahapa. Mungu wa Mbamba Bay ndiye huyohuyo wa Kitura." Akarudi kwake kwa miguu, bila kugeuka.

Kilian akashuka. Mkono ukamtoka wenyewe, ukalipiga kofi tairi.

"Piga tena," Edina akamwambia, "huenda likamwita mama."

Kando ya njia palikuwa na kibanda cha bati cha Asteria, fundi wa pancha. Alikuwa ameona yote. Akaja na geji ya kupimia upepo, akaichomeka, akaisoma mara mbili.

"Shikamoo mzee. Sitini na moja! Haya ni matairi au mawe ya kusagia?"

"Marahaba, binti. Punguza, basi."

"Sasa hivi sipunguzi. Upepo ukipata moto unavimba, na haya yamechemka. Nikipima hivi, kesho huko kwenye baridi yenu mtaamka mmekalia rimu. Lipeleke gari kivulini, yapoe kwa saa tatu."

"Saa tatu nzima nifanye nini?"

"Ukamwombe mama radhi," akasema Edina.

Notburga alikuwa jikoni, amewapa mgongo, anageuza samaki, mbasa wa ziwani, kwenye mafuta. Kilian akachuchumaa nje, mbali kidogo na mlango kama inavyompasa mkwe. Edina akasimama katikati.

"Mwambie mama kuna makosa yametokea."

"Amefanya nani?" Edina akauliza.

"Matairi."

"Matairi yalijijaza yenyewe?"

Kilian akakuna shingo. Jasho likamtoka kuliko siku ya kupeleka posa. "Mwambie ni mimi. Kibandiko nilisomewa, nikakataa."

"Mwulize alipimia nini," ikasema sauti ya jikoni.

"Kiganja, mama."

Mabega ya Notburga yakaanza kutikisika kwa kicheko, mwiko ukamponyoka mkononi. "Mwambie mkwe wangu, marehemu mume wangu alikuwa anapima kina cha ziwa kwa goti. Siku moja tulimvua kwa wavu kama mbasa. Mpe maji anawe, ale."

Matairi yalipopoa, Notburga akafuatana nao hadi kibandani, na Asteria akapunguza moja moja. "Ishirini na tisa, na mbili juu kwa ajili ya baridi ya kwenu. Gunia moja na bibi mmoja si mzigo wa arobaini."

"Umesikia, Edina? Mimi si mzigo," Notburga akasema. "Huyu binti ana akili. Sasa mwambie mumeo na hiyo nailoni itoke."

Kilian akaibandua kwa mikono yake, uso umekunjamana kana kwamba anachunwa ngozi yeye.

Wakapanda mlima. Kila tuta Kilian alilipita huku ameshikilia pumzi, akingoja jogoo aulizwe jambo. Jogoo hakuulizwa. Alipothubutu kutupa jicho, mama mkwe alikuwa ameegemea kiti, mdomo wazi, anakoroma.

Kitura walifika jua likiwa limekaa juu ya migomba. Wanawake wakatoka mbio na vigelegele. Kilian akaruka nje, mikono juu.

"Nyamazeni! Amelala!" Alilisema kama mtu anayetangaza kwamba mkewe amejifungua mapacha.

Edina akashuka toka nyuma, akataka kufungua mlango amwamshe. Kilian akamshika mkono.

"Mwache. Si amefika? Hata alale mpaka kesho."

"Na chakula?"

"Kitapashwa moto."

Edina akamtazama mumewe, akatoa mkeka garini, akautandika kando ya gurudumu. Wakaketi hapo na ukoo mzima, wakinong'ona.