Zamu za Kubeba Maumivu ya Madeleine

Jumanne moja saa kumi alasiri, katika mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge na Kongo, Clément Mutombo alikuwa akimwogesha mkewe kwa maji vuguvugu kutoka beseni la bati. Kansa ilikuwa imelila titi la kushoto la Madeleine na sasa ilikuwa imepanda mpaka begani. Daktari alikwisha kuwaambia warudi nyumbani. Aliwaandikia karatasi ya sindano za kutuliza maumivu, na sindano hizo zilipatikana katika zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kizuizi cha majandarme, askari wa Katanga. Mkasai, mtu wa asili ya Kasai kama wao, hakupita kizuizi bila karatasi yenye muhuri, na muhuri haukutolewa kwa Wakasai.

Wenzao wengi walikuwa wamekimbilia kambi ya mahema. Madeleine hakuweza kubebwa hata kufika barabarani, kwa hiyo walibaki mtaa wa Annexe, katika nyumba ya matofali mabichi, katikati ya mihogo ya majirani.

Madeleine alikuwa na siku kumi na moja bila usingizi. Kitambaa kilipofika begani, akasema, "Clément, inanichokesha. Kamata kidogo."

Clément akaweka kiganja begani pake, na maumivu yakamwingia. Yalipanda mkono, yakavuka kifua, yakatulia ubavuni kushoto kama mtu aliyefika kwake. Akakaa kwenye kigoda. Madeleine akageukia ukuta, akalala mpaka jua lilipotua. Alipoamka alikula bugali na dagaa, akanawa, kisha akanyoosha mkono.

"Leta. Ile ni yangu."

"Niko nayo nguvu bado."

"Leta. Kesho utakamata tena."

Siku ya tatu, Chileshe, jirani yao muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, alimkuta Clément ameegemea mlango, uso umepauka.

"Ba Clément, uko na rangi ya majivu. Ni nini?"

"Ni ya Mama Madeleine. Miye njo ninaibeba."

Chileshe akajifuta mikono kwa kitenge. "Muntu moja hawezi kubeba ile yote. Leta."

Tangu hapo wakapokezana. Walijifunza tabia za maumivu hayo: uzito wake ulikuwa uleule kwa kila mtu, na hakuna aliyeweza kutwanga akiwa nayo. Madeleine alibaki nayo mwenyewe saa moja kila asubuhi, kwa kuwa, alisema, si heshima kuwaachia watu kitu chako siku nzima.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, Chileshe aliamka na homa. Aliyekuja badala yake ni mumewe Liévin, amevaa sare ya ujandarme, kofia kwapani. Hakuwa ameingia nyumba hiyo tangu Wakasai waanze kufukuzwa.

"Bibi iko na homa," alisema. "Anasema leo nikamate miye."

Madeleine akaitazama sare. "Itakuchokesha ku kazi."

"Nitaona."

Akatoa mkono. Maumivu yakamwingia jandarme kama yalivyowaingia wengine. Akafunga kifungo cha shingoni, akaenda zamu yake kizuizini.

Clément alifikiri kidogo, akachukua karatasi ya daktari, akamfuata. Alimkuta Liévin amesimama, bunduki kulia, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, jasho linamdondoka kidevuni. Liévin aliisoma karatasi yote.

"Unajua ni ya nani," alisema Clément.

"Minajua. Inaanzia hapa, inapanda mu bega, halafu inangojea upumue." Akaigeuza kutafuta muhuri, akaikunja, akamrudishia. "Lakini haina na cachet, Ba Clément. Rudia ku nyumba."

Hakusema kwa ukali. Clément akarudi.

Liévin alitakiwa kurudisha mzigo saa sita. Hakurudi. Aliushika mpaka saa kumi na mbili jioni, akisimamisha baiskeli na kudai karatasi. Siku hiyo nzima Madeleine alikuwa nje. Mvua ya kwanza ilikuwa imelainisha udongo, naye aliomba jembe, akapanda matuta matatu ya viazi vitamu, akaimba Kiluba, na akamgombeza mumewe kwamba tuta lake limepinda. Clément alilipinda zaidi makusudi, apate kugombezwa tena.

"Ile iko nzito," alisema Liévin jioni, akimpa mkono.

"Njo vile iko," alijibu Madeleine. "Aksanti."

Liévin alikuja kila siku ya posho. Na kila siku ya posho alirudisha watu kizuizini.

Madeleine alifariki mwezi wa pili, saa nane mchana, akisimulia harusi moja ya Luluabourg, mji wa kwao Kasai. Hakuimaliza, kwa sababu kicheko kilimzidi. Chileshe, aliyekuwa zamuni, alisikia ubavu wake umekuwa mtupu, akajua kabla ya kugeuka. Clément alilia kwa siku nyingi, lakini alilala usiku.

Wiki mbili baada ya mazishi alifika Mkasai mmoja, Alexis, kutoka ng'ambo ya reli. Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni. Alexis naye alikuwa amerudishwa kizuizini akiwa na karatasi mkononi.

"Banasema hapa munajua kuikamata."

"Inajifunzwa," alisema Clément. "Muko bantu ngapi mu nyumba?"

"Tuko batatu."

"Miye wa ine. Chileshe wa tano." Clément akavaa koti. "Siku ya posho iko ya Liévin."

"Ule jandarme wa bariere?"

"Njo yeye. Hapitishi muntu. Lakini anabeba muzuri."