Kengele ya Dirisha la Stoo

Parvin hakuipenda kengele ile tangu siku mumewe Jaffer alipoitoa kwenye boksi na kuitandaza juu ya meza ya kulia chakula: mafundo ya waya, swichi, vibati vya shaba, na kengele yenyewe, nyekundu, kubwa kama sufuria ya uji. Jaffer alikuwa ameachiwa na rafiki yake Narendra, ambaye alikuwa amefunga duka lake na kuhamia Uingereza. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kijerumani. Jaffer alisema haidhuru, picha zinatosha.

Duka lao lilikuwa mtaa wa Ng'ambo, nyumba na stoo vikiwa nyuma yake, na kwenye stoo hiyo vitu vilikuwa vimeanza kupotea. Kwanza jora la kitambaa cha marekani, kisha mablanketi. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa. Jaffer alifikiri, akazunguka, akafikiri tena, mwishowe akaamua kwamba mwizi ni Anton, mchukuzi wake wa miaka mingi, kwa kuwa ndiye pekee aliyeingia stoo zaidi ya watu wa nyumbani. Hakumpeleka polisi. Alimwambia tu asirudi tena, na alimwambia mbele ya wateja. Anton aliweka chini gunia la chumvi alilokuwa amebeba, akajipangusa mabega, akaondoka.

Parvin alimuuliza mumewe ana ushahidi gani. Jaffer akamjibu kwamba ushahidi utapatikana, na ndiyo sababu anafunga kengele.

Basi akafunga. Kibati kimoja alikipigilia kwenye fremu ya dirisha la stoo, kingine kwenye ubao wake, na vivyo hivyo mlangoni. Dirisha likifungwa vibati vinagusana na kengele inanyamaza. Likifunguliwa vinaachana, kengele inalia. Ndivyo picha zilivyoonyesha. Siku ya kwanza aliijaribu kutwa nzima, fungua, funga, fungua, funga, mpaka muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara akahama na birika lake.

Siku ya pili ikalia yenyewe, alasiri. Jaffer akatoka dukani mbio, bisibisi mkononi, akapanda kiti sebuleni kulikotundikwa kengele, akaifungua tumbo. Hakuona kitu. Akabadilisha betri. Kesho yake alasiri ikalia tena. Akasema ni joto: bati la paa linatanuka na kuvuta waya. Akaulegeza waya wote, ukawa unaning'inia sebuleni kama kamba ya kuanikia nguo, na Parvin akapitisha sinia la chai chini yake akiwa ameinama. Ikalia tena. Sasa ikawa ni panya. Jaffer akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kwenye ndevu, bila panya. Mvua za masika zilipokolea, ikawa ni ubao wa dirisha umevimba. Akauranda. Ikalia.

Kilichomchosha Parvin kuliko kelele ni kwamba mablanketi mengine yalikuwa yamepotea, kengele ikiwepo, na Jaffer hakutaka kuyazungumza. Kila alipoyataja, alijibiwa habari za betri. Mama mkwe wake, Bi Batuli, alikaa kwenye mkeka wake akichambua mchele na kusema kwamba mwanawe alikuwa hivyohivyo tangu utotoni, akishika saa ya ukutani mpaka aivunje.

Alhamisi Jaffer akamwomba mkewe aende stoo baada ya swala ya adhuhuri, akae na kuutazama waya wa dirishani, aone kama unatikisika. Parvin alimwambia ana kazi zake. Kisha akaenda, kwa sababu kutokwenda kungeleta maneno ya siku mbili. Akaketi nyuma ya magunia, amekunja mikono, amenuna, harufu ya sabuni na mafuta ya taa ikimzunguka.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Nao ulikuwa na vibati vyake, kwa hiyo kengele ikalia kule sebuleni. Bi Batuli akaingia taratibu, hata hakugeuza shingo. Akavuta blanketi kutoka juu ya fungu, akalikunja vizuri, akafungua dirisha. Nje alisimama mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni. Parvin alimtambua: Ng'washi, aliyekuwa akiwaletea maziwa zamani, kabla watu wake wa njia ya Nzega hawajahamishiwa kijiji kipya.

Kengele ilikuwa bado inalia. Nyayo za Jaffer zilisikika zikikimbia, lakini hazikuja stoo. Zilikimbilia kwenye kiti, chini ya kengele.

"Mama," Parvin akasema, akisimama.

Bi Batuli alishtuka, lakini blanketi hakuliachia mpaka Ng'washi alipolipokea. Kisha akaeleza, bila haraka. Watu wa Ng'washi walishushwa kwenye lori mahali penye vigingi tu vya viwanja. Nyumba hazijasimama, watoto wanalala kwenye vibanda vya nyasi na mvua inawanyeshea. Parvin akamuuliza kama hakuisikia kengele.

"Nimeisikia. Si Jaffer anaijaribu? Kutwa anaijaribu."

Parvin alikaa tena juu ya gunia. Alitaka kucheka, akakumbuka Anton, kicheko kikamkauka.

"Mama, Anton amefukuzwa kwa ajili ya vitu hivi."

Bi Batuli hakuwa amejua. Jaffer alikuwa amemwambia tu kwamba Anton amepata kazi nyingine. Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, kisha akamwambia Parvin amwite mwanawe.

Jaffer alisikiliza yote, bisibisi ikiwa bado mkononi. Akauliza kwa nini mama yake amepitisha vitu dirishani, wakati nyumba ina mlango.

"Mlangoni unakaa wewe," Bi Batuli akamjibu. "Ningekuomba ungesema blanketi ni za mgawo, serikali itauliza, watu watatuita walanguzi. Ungesema mpaka mvua ziishe."

 Jaffer akatazama vibati vya dirishani, akavigusa kwa kidole, na Parvin akaona uso wake ukianza kung'aa.

"Kumbe ilikuwa inafanya kazi," akasema. "Siku zote hizo ilikuwa inafanya kazi."

Parvin akamnyang'anya bisibisi. Akamwambia avae viatu.

Walikwenda Ipuli, alikokuwa akikaa Anton, kwa miguu, matope yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Anton alikuwa nyumbani, juu ya banda la kuku, akiliezeka upya. Zamani alimwita Jaffer tajiri. Siku ile alimkaribisha kwa jina la ndugu, akamwonyesha kigoda. Jaffer aliomba msamaha. Aliuomba vibaya, akianza na habari za vibati, mpaka Parvin akamkatiza na kumwambia aseme neno lenyewe. Akalisema.

Anton aliendelea kufunga nyasi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kurudi sirudi. Ulinifukuza mbele ya watu. Nenda uwaambie watu walewale."

Jaffer akaahidi kuwaambia kesho yake, duka likiwa limejaa. Parvin akamwambia Anton kwamba yeye mwenyewe atasimama pale ahakikishe. Hapo ndipo Anton aliposhuka, akamwita mkewe alete maji ya kunywa.

 Njiani kurudi Jaffer akaanza kueleza kwamba ule waya sasa unaweza kukazwa tena, kwa kuwa joto halikuwa na kosa. Parvin aliinua gauni lake juu ya matope, akaongeza mwendo, akamwacha nyuma.