Asante ya Idah

Mume wangu Kitonga ni bahili. Sisemi hivyo kwa kumsengenya, kwa maana hata yeye mwenyewe akisikia ataitikia. Kila jioni akirudi kutoka mjengoni Ruiru, kabla hajavua viatu, huinua mtungi wa gesi kwa mkono mmoja apime umebaki na uzito gani. Ukiwa mwepesi kuliko jana, ananiuliza nilichemsha nini. Nikinunua nyanya kilo anataka kujua kwa nini haikuwa nusu, na nikinunua nusu anauliza mbona ni chache. Nimezoea. Tunaishi Kiandutu hapa Thika, chumba kimoja, yeye ni fundi wa mawe na mimi nauza mitumba ya watoto sokoni. Tangu tuoane nilijiambia kwamba Mungu alinipa mwanamume asiyelewa, asiyenipiga na asiyetoa. Nikashukuru kwa yale mawili ya kwanza na la tatu nikalinyamazia.

Basi Jumapili moja tulipotoka kanisani akaniambia, "Mama Nzuki, leo usipike."

Nilidhani kuna msiba. Kumbe mwenye mjengo alikuwa amelipa pesa zilizochelewa, na Kitonga alitaka anipeleke Ruiru tukale kwenye hoteli. Mtoto wetu Nzuki tulimwacha kwa dada yangu. Nilivaa rinda langu la buluu, nikajipaka mafuta mpaka visigino, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu kama mtoto anayepelekwa kupigwa picha.

Hoteli yenyewe iko ghorofa ya kwanza, si mbali na stesheni ya treni. Viti vyekundu, televisheni kubwa, harufu ya nyama mpaka kwenye ngazi. Hata hatujakaa, msichana mmoja akatoka jikoni amefunga aproni nyeusi, kucha zimepakwa rangi, midomo imepakwa rangi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kastoma wangu! Leo umekuja na nani?"

Kastoma wake.

"Ni bibi yangu," akasema Kitonga, akatazama chini.

"Haiya! Karibu madam. Mimi naitwa Idah. Huyu mzee wako tunamjua sana hapa, kila Ijumaa huwa wanakuja na mafundi wenzake." Kisha akamgeukia. "Nikuletee ile yako?"

Mimi nilidhani yake naijua. Yake ni ugali na sukuma, na Jumapili maharagwe. Kumbe ile yake ilikuwa mbuzi wa kukaanga na chapati mbili, na kachumbari isiyo na pilipili. Kwangu pilipili hula bila kulalamika. Nilikula, na chakula kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ukaniudhi.

Tulipomaliza, Idah akaleta bili kwenye kisahani chenye vijiti vya meno. Kitonga akalipa kwa simu, kwa ile namba iliyobandikwa mezani, akamwonyesha ujumbe. Mimi nikajua tumemaliza, nikachukua mkoba wangu. Lakini Idah hakuondoka. Alitoa kitambaa akaanza kupanguza meza iliyokuwa safi tayari, polepole, akizunguka bilauri yangu, anatabasamu, haombi kitu. Kitonga akacheka. Kicheko chenyewe sikuwa nimewahi kukisikia, kilikuwa chembamba, cha mtu aliyemkanyaga askofu mguu. Akashika simu tena, akabonyeza, na simu ya Idah ikalia ndani ya aproni.

Mia mbili. Niliziona kwa macho yangu. Na hakuuliza namba. Alikuwa nayo.

"Asante sana," akamwambia. "Mmetushughulikia vizuri sana. Chakula kilikuwa kitamu."

Pesa ziliniuma, sitadanganya. Lakini ile asante ndiyo iliyonichoma. Mwanamume huyu nimempikia nikiwa na mimba, nimempikia nikiwa na malaria, nimempikia kwa makaa mabichi wakati hata huo mtungi wa gesi hatukuwa nao. Akishiba husukuma sahani mbele kidogo, basi. Tangu tuoane, asante yangu imekuwa ni sahani kusukumwa. Na huyu mwenye kucha nyekundu alikuwa amepata asante na sifa juu yake, kwa kubeba sahani kutoka jikoni mpaka mezani.

Tuliposhuka matatu kwenye steji ya Thika tulitembea kwa miguu hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika mlangoni nikamuuliza.

"Namba ya yule msichana uliitoa wapi?"

"Msichana gani?"

"Usiniulize gani."

"Aa, Idah. Si ukimtumia mtu mara moja namba inabaki kwa simu?"

"Na hiyo mara moja ulimtumia ya nini?"

"Ni tipu tu, Mama Nzuki. Kila mtu hutoa."

"Wewe si kila mtu. Wewe ndiye hupima gesi."

Akaingia ndani, akainua mtungi, akaurudisha chini. Siku hiyo hakuwa na la kuuliza, kwa sababu sikuwa nimepika.

Wiki hiyo sikuwa mtu wa kawaida. Wivu ukikuingia hata kazi haifanyiki vizuri. Nilimuuzia mama mmoja soksi mbili zisizofanana, na akazirudisha akinitukana. Nilianza kuziangalia kucha zangu, zilizokatikakatika kwa kufungua marobota, nikazificha chini ya sweta. Nduku, jirani yangu pale sokoni, mwanamke asiyejua kuzima moto ila kuuchochea, aliposikia habari aliacha kupanga suruali zake kabisa.

"Mwelu," akaniambia, "mwanamume bahili akianza kutoa, ujue kuna anayejua kupokea."

Jumatano nikaamua kumjaribu. Nilimngoja ale, ashibe, asukume sahani, kisha nikamwomba mia mbili za kusuka nywele.

"Nywele zako ziko na shida gani?" akauliza. Na aliuliza kwa dhati, aliziangalia kabisa, mbele na kando.

"Hazina shida."

"Basi."

Alhamisi nikamwachia Nduku biashara nikaenda Ruiru. "Kofi moja liwe langu," akaniagiza. Lakini mimi sikuwa naenda kupiga mtu. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga vizuri, nikayarudia njia nzima: Idah, mimi na wewe ni wanawake. Hicho unachokichukua kwa Kitonga ni changu, na mimi mwenyewe bado sijakipata.

Nilipopanda ngazi tu, akaniona. "Haiya! Madam wa Kitonga! Leo uko peke yako? Usikae hapo, hapo jua litakupiga. Kuja huku."

Akaniweka mahali penye kivuli. Akaniletea chai na chapati, akaniuliza kama sukari imetosha. Jamani, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya sukari kwenye chai yangu. Nikaona hasira zinataka kuniponyoka, nikazishika kwa nguvu. Nilikunywa nikimtazama akipita kati ya meza, akicheka na huyu, akimwitikia yule, na nikamchukia kwa wepesi wake. Angekuwa mbaya ningefurahi.

Meza ya jirani walikaa wasichana wawili wa ofisini, kadi za kazi zimening'inia shingoni. Idah akaniletea bili. Nikalipa kwa simu, nikamwonyesha ujumbe, nikavuta pumzi, nikafungua mdomo niseme yale yangu.

Akatoa kitambaa.

Akaanza kupanguza. Meza haikuwa na hata tone. Kitambaa kikazunguka kikombe changu, kikarudi, kikazunguka tena, na wale wasichana wawili wakanyamaza. Labda walikuwa wakisoma simu zao. Mimi niliona wananitazama, wanatazama leso yangu ya sokoni na kucha zangu, wanangoja waone mwanamke wa aina hii atafanya nini. Joto likanipanda masikioni.

"Namba yako ni gani?" nikasikia mdomo wangu ukiuliza.

Akanitajia. Nikamtumia hamsini. Simu ikalia kwenye aproni, na mimi nikacheka, kicheko chembamba kisichokuwa changu, nikasema, "Asante sana. Umenishughulikia vizuri sana." Maneno ya Kitonga yote, hakuna hata moja nililolisahau.

"Asante pia, madam, Mungu akubariki," akasema Idah. "Usalimie mzee. Yule ni mtu poa, lakini haniangaliangi hata usoni. Akishatuma tu, mbio kwa ngazi, ni kama mimi ni polisi."

Na mimi nikaziteremka zile ngazi mbio.

Nilikuwa nimefika barabarani nilipokumbuka kwamba ile hamsini ilikuwa nauli yangu. Kwenye simu zilibaki shilingi kumi na moja. Mikopo ya simu walishanifungia zamani, na Nduku nikimpigia ningekuwa hadithi ya soko mpaka Krismasi. Ruiru nzima mtu mwenye pesa niliyemjua alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa Kitonga.

Mjengo wao hauko mbali, ni ghorofa isiyopigwa plasta, nyuma ya kanisa la mabati. Nilimkuta chini anapanga mawe ya ukuta wa nje. Aliponiona, mwiko ukamtoka mkononi.

"Ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Naomba nauli ya kurudi Thika."

"Nauli yako imeenda wapi?"

Nilijua atauliza. Nikatafuta uongo, uongo ukakataa kuja. "Nimempa Idah," nikasema.

Kitonga akakaa juu ya jiwe.

"Alisimama?"

"Alisimama."

"Akatoa kitambaa?"

"Akatoa."

"Na meza ni safi?"

"Safi kabisa."

Akatikisa kichwa. "Mimi siku ya kwanza niliapa simpi. Hata wenzangu niliwaambia, huyu hapati kitu kwangu. Sasa ona. Kila Ijumaa namtumia, kila Ijumaa najilaumu mpaka Jumamosi. Mkono mtupu haulambwi, Mama Nzuki, na yule akikusimamia hivyo unauona mkono wako ulivyo mtupu."

Karibu nicheke. Siku nyingine ningecheka, tungecheka wote wawili. Lakini lile langu nilikuwa bado sijalisema.

"Pesa sawa," nikamwambia. "Pesa anakuganda mpaka zitoke, hata mimi zimenitoka. Na asante je? Hiyo pia anakulazimisha? Yule analipwa mshahara akuletee sahani, na unamshukuru mpaka watu wanageuka. Mimi nakupikia kila siku ya Mungu, Baba Nzuki. Hujawahi kuniambia asante hata kwa makosa."

Akanitazama kwa mshangao. Haukuwa wa kujifanya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Wewe nikuambie asante ya nini? Yule hanijui. Nikinyamaza ataniona mtu wa mjengo asiye na adabu. Wewe ushanijua."

"Kwa hivyo anayekujua hashukuriwi?"

"Si hivyo." Akajifuta vumbi la saruji usoni, akazidi kujipaka. "Kwako mimi niko nyumbani. Sijifanyi."

Nikamwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia kitu. Kwa njia yake alikuwa ananiambia jambo zuri, kwamba mbele yangu haogopi. Lakini Idah nilimwonea wivu vilevile, tena zaidi. Yule Kitonga wa Ijumaa, mkarimu, mwenye adabu, anayesifu chakula, ndiye mwanamume ambaye ningependa anioe. Hata kama ni wa kujifanya. Angekuja ajifanye nyumbani kwangu pia, mara moja kwa wiki, ningemkaribisha.

Akatoa noti ya mia mfukoni, imelainika kwa jasho. "Shika nauli. Chenji uirudishe."

Nikaipokea. Sikuondoka.

Nilisimama palepale kwenye kokoto, mbele yake, nikamtazama usoni bila kusema neno. Nilichokitaka alikuwa nacho. Nilikisikia kikimtoka Jumapili kwa urahisi kabisa, kwa mtu mwingine. Nikangoja.

Akaanza kuhangaika. Akatazama ukuta, akatazama mwiko chini, akatazama viatu vyangu. Kisha akaniangalia, na nikaona midomo yake inafunguka, na moyo wangu ukadunda kama wa msichana.

Akatia mkono mfukoni tena, akaniongezea hamsini.

Nikaichukua, nikaenda steji.