Moyo wa Njura

Mume wangu Njura amegombana na dawa yake ya pumu. Ati akiivuta mara mbili tu, moyo unakimbia kama umefukuzwa na nyuki. Nikachoka kusikia, nikampeleka kliniki hapa Ishiara.

Daktari akakubali kwamba dawa hiyo huongeza mapigo ya moyo, lakini si kiasi hicho.

"Mzee, kuna kitu kingine unatumia?"

"Hakuna! Sigara sivuti, pombe sinywi. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nikalitazama shavu lake, limefura majani ya muguka anayotafuna tangu alfajiri ili asisinzie. Daktari naye akalitazama.

"Na hiyo iliyo mdomoni?"

Njura akashangaa kwelikweli.

"Hii? Daktari, hii nimepanda mwenyewe!"