Nusu ya Kaunta

Mwalimu alikuwa ameshafungua daftari juu ya kaunta. Wanafunzi wake wanaandika historia ya mji, alieleza, na swali la kwanza lilikuwa jepesi tu: nani alifungua duka la kwanza?

Bibi Chumvi akachukua kitambaa, akapangusa kopo lisilo na vumbi. Tangu mwenye duka la ng'ambo ya barabara azikwe mwaka jana, aliyebaki akilijua jibu hilo ni yeye peke yake.

Marehemu walimwita Taratibu, kwa jinsi alivyopima sukari. Alingoja mpaka mshale wa mizani utulie kabisa, kisha akaongeza kidogo juu. Watu walimpenda kupita kiasi. Bibi Chumvi alimwonea wivu miaka arobaini, wivu usiojua likizo, na kila asubuhi aliwahesabu wanaoingia kwa mwenzake. Taratibu alipoishiwa kiberiti alimwambia mteja, "Nenda kwa dada yangu pale." Bibi Chumvi akiishiwa, husema kitakuja kesho, na mteja akalale gizani.

Lakini lililomchoma zaidi ni kaunta hii. Bibi Chumvi alipofika mjini, mjane kijana mwenye gunia moja la chumvi, Taratibu alikuwa na mwezi mzima akiuza. Alimwona amepanga mafungu yake ya chumvi chini, kwenye vumbi. Aliingia ndani akatoka na msumeno, akaikata kaunta yake katikati, na nusu moja akaibeba begani mpaka kwa huyo mjane. Ile ncha iliyokatwa haijapigwa randa mpaka leo. Miaka yote hiyo Bibi Chumvi ameificha kwa magunia.

"Bibi?" mwalimu akamkumbusha.

"Mimi," akasema. "Wa kwanza nilikuwa mimi. Yeye alikuja baadaye."

Kalamu ikatembea. Alijisikia raha ya mtu aliyevua kiatu kinachobana, akaongeza kwamba siku hiyo kulikuwa na manyunyu, na kwamba mteja wake wa kwanza alikuwa fundi viatu.

Mwalimu akafunga daftari, ameridhika. "Afadhali mmekubaliana. Nimetoka kwa binti yake sasa hivi. Anasema baba yake aliwaambia hivyohivyo mpaka anakufa: duka la kwanza ni la dada yangu pale."

Mwalimu alipoondoka, Bibi Chumvi alikaa juu ya kreti. Kumbe hata uongo huu alikuwa ameupata kwa Taratibu, kama kaunta. Alikasirika, akatamani mzee yule awe hai japo dakika tano, amgombeze vizuri.

Ng'ambo, binti wa Taratibu alikuwa akifuta nusu yao ya kaunta. Kitambaa kiliteleza vizuri mpaka karibu na ncha iliyokatwa, kisha mkono ukapunguza mwendo, kama unaopita mahali panapochoma.

Bibi Chumvi alimtazama mpaka alipomaliza. Halafu akainuka, akalishika gunia la kwanza masikio mawili, akaanza kulivuta pembeni, ncha ya kaunta yake ionekane.