Chumba cha Viti Vidogo

Mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kushoto. Fundi aliitandaza mezani, akaigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba kitambaa kingemhurumia kimzalie mkono wa kulia. Miaka kumi na minane ya kukata suti, na leo amefanya kosa la mwanagenzi. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na tayari alikuwa ametafuna karafuu nne ili kuficha harufu ya mdomo wake.

Mwenye koti, dereva wa treni aliyestaafu, alipokuja kujaribu, fundi alimwambia kuwa kitambaa kilikuwa na kasoro ya kiwandani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa ameizoea hata akaiona barabara kuu. Mzee aliitazama ile mikono, kisha akamtazama yeye kwa muda.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Koti litasubiri. Nipunguzie kiuno cha suruali hii."

Hakuna fundi anayeshika mkasi kabla ya kukagua mifuko ya mteja. Ndani alikuta karatasi iliyokunjwa vizuri: Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba cha watoto nyuma ya maktaba. Kwa wanaotaka kuacha pombe. Hakuna anayeulizwa jina. Akajiambia kwamba mzee ameisahau, na kwamba uungwana ni kumrudishia hukohuko. Hivyo ndivyo alivyojidanganya hadi mlangoni, na katika uongo wake wote, huo ndio pekee uliowahi kumfaa.

Ukweli ni kwamba maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alhamisi dada yake alikuwa amepiga simu. "Jumapili nakuja kumchukua mtoto. Miaka minne nakuuliza, mara ni malaria, mara ni presha, mara ni uchovu. Kama kweli hunywi, basi mwanao analelewa na malaria." Fundi alikata simu. Binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa akijikorogea chai, hakuuliza ni nani.

Chumba kilikuwa na viti vya watoto tu. Watu wazima kumi na mmoja walikuwa wamevikalia, magoti yakikaribia videvu: bwana mnene aliyefunga tai, muuguzi ambaye hata sare hajavua, bibi mwenye birika. Dereva wa treni alimwona, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Nimekuletea karatasi yako," fundi alinong'ona.

"Ahsante. Nilikuwa naitafuta," mzee alisema, akaitia mfukoni bila kuitazama.

Bibi akamimina chai. Kila kikombe alikijaza nusu. Fundi alidhani ni ubahili, nusura acheke. Kisha bwana wa tai akapokea chake, na mkono ukaanza kutetemeka. Chai iliyumba, ikapanda hadi ukingoni, ikarudi. Haikumwagika hata tone. Cha muuguzi vilevile. Miaka yote hiyo fundi alikuwa akificha mikono yake chini ya meza, na hapa palikuwa na watu walioukadiria mtetemo na kuuachia nafasi yake ndani ya kikombe. Alistaajabu hata akasahau kunywa.

"Mimi chupa nilikuwa naificha kwenye mkoba wa shule wa mwanangu," muuguzi alisema. "Nilijua hakuna atakayetafuta humo. Siku moja akaitoa darasani akitafuta kalamu."

Hakuna aliyefyonya. Hakuna hata aliyesema pole. Walimwachia maneno yake yatue.

"Mimi niliendesha treni ya abiria mia nne nikiwa nimelewa," alisema mzee. "Tukafika salama. Kule kufika salama ndiko kulikoniponza miaka sita mingine."

Fundi alikuwa ameamini kwamba duniani hakuna mwingine kama yeye, na kumbe walikuwepo kila Jumamosi, hatua chache kutoka cherehani yake, wakitaja aibu zao kwa sauti ya watu wanaotaja bei ya nyanya. Zamu ikamfikia. Alitaka kusema amekuja kurudisha karatasi tu. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemharakisha.

"Binti yangu," alisema, akaishia hapo. Akaanza upya. "Binti yangu huninusa mdomo kabla hajaniamkia. Anadhani sijui."

Wote waliitikia kwa vichwa, taratibu, kama watu waliokwisha kumwona huyo mtoto.

Kikao kilipokwisha alisimama barazani juani, akapiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kama unataka kuniomba nisije kesho..."

"Nakunywa."

Huko upande wa pili bomba lilikuwa likitiririka. Likafungwa.

"Sema tena."

"Nakunywa, dada. Ukimchukua mtoto sitakulaumu. Mimi mwenyewe naogopa kubaki naye." Aliisikia sauti yake mwenyewe na kuishangaa, kama sauti ya mgeni mwenye adabu.

"Leo umekunywa?"

"Asubuhi. Kidogo." Akatema karafuu. "Hapana. Si kidogo."

Fundi alidhani simu imekatika, kisha akasikia pumzi, na akatambua kwamba dada yake, ambaye hakulia hata walipomzika mama yao, alikuwa analia.

"Uko wapi?"

"Nje ya maktaba."

"Usitoke hapo. Nakuja sasa hivi."

Hakusema anakuja kumchukua nani. Fundi aliketi kwenye ngazi, akasubiri.