Viberiti Sita vya Vihingo

Zahoro alisogeza kioo cha sita chini ya hadubini, akafumba jicho la kushoto, akaguna. Mayai yale yale: ya mviringo, rangi ya kahawia, ganda nene lenye mistari kama ukingo wa ungo. Tegu. Cha kwanza tegu, cha pili tegu, mpaka hiki cha sita tegu.

Kutazama haikuwa kazi yake. Aliajiriwa kuosha vioo, kuchemsha chupa na kupiga deki zahanati ile ya Kisarawe, mtu mzima aliyeacha shule darasa la pili. Lakini kuosha vioo miaka tisa bila kujua vina nini kulimshinda. Alimsumbua mganga, Bwana Isihaka, mpaka akamfundisha: tone moja la maji ya chumvi, uchafu kiasi cha kichwa cha njiti, funika polepole povu lisiingie, anza na lenzi ndogo. Na kabla ya yote, andika jina.

Majina yalikuwapo. Viberiti sita vilivyotiwa choo ndani, kila kimoja na jina lake kwa kalamu ya risasi, vililetwa asubuhi hiyo kwa baiskeli na Kibwana, muuza nyama wa Vihingo. Wagonjwa sita wenyewe walikuja kwa miguu, sasa wanahema barazani.

"Vipi?" Isihaka aliuliza kutoka chumba cha dawa.

"Vyote sita tegu, bwana mganga."

"Basi rahisi. Dawa moja kwa wote, na haluli ya kuharisha juu yake."

Zahoro aliijua dawa ile. Mwanamume mzima aliyeshiba huinywa akaharisha mpaka akashika ukuta. Na pale barazani alikuwapo Mwanamvua, mkamwana wa Bi Biubwa, mimba ya miezi sita, midomo imepauka kama unga wa muhogo. Dawa ile ingemtoa mtoto, na huenda ikaondoka na mama.

"Ngoja kidogo," Zahoro alisema.

"Nini tena?"

"Sijui. Ndiyo maana nasema ngoja."

Tegu huingia kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Hilo pia alifundishwa. Akatoka barazani.

"Shikamoo, Bi Biubwa."

"Marahaba, baba. Dawa tayari?"

"Bado. Nyama ya ng'ombe mmekula lini?"

"Nyama!" Bibi alicheka. "Labda Kibwana atugawie harufu. Sisi kisamvu, kesho kisamvu, na mgeni akija kisamvu."

"Na wewe, Mwanamvua?"

"Inanitapisha, kaka. Tangu utoto."

Ghafla Kibwana akawa anakagua mnyororo wa baiskeli yake.

"Na wewe Kibwana, unailaje?"

"Muuza nyama lazima aonje. Mbichi ndiyo yenye utamu."

Zahoro alimkazia macho. "Vile viberiti sita ni vya nani?"

Aliyejibu ni Bi Biubwa, bila haya hata chembe.

"Ulitaka tufanyeje? Kitu kilichotoka mwilini mwako, ukimkabidhi mtu usiyemjua, si umemkabidhi roho yako? Mkwe wangu ana mimba! Kibwana kachanjwa chale, uchawi haumpati. Tukamwomba."

"Mgongo mzima," Kibwana alisema kwa fahari. "Mkiniroga huko ndani mnapoteza muda."

"Kwa hiyo umekwenda choo kwa niaba ya kijiji!" Zahoro alishangaa.

"Siku mbili, bwana. Usidhani kazi ndogo."

Baraza zima likaangua kicheko. Isihaka, aliyesimama mlangoni na chupa mkononi, hakucheka. Alirudi ndani, wakasikia kabati likifungwa.

Zahoro akachuchumaa mbele ya Mwanamvua. "Dada, ukinipa cha kwako, utasimama pale pale uone nafanya nini. Nikimaliza nakichoma moto, hakibaki hata kidogo."

Mwanamvua alimgeukia mama mkwe wake. Bibi akakaza kanga kiunoni, akasimama.

"Mbele ya macho yangu," alisema.

Ikawa hivyo. Watu wanne walibanana ndani ya kile chumba kidogo. Zahoro aliandika jina kwanza, akadondosha tone, akafunika. Alisogeza kioo taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayepalilia. Mara akayaona: marefu kidogo, ganda jembamba kama utando wa kitunguu, ndani vidonge vinne vimekumbatiana.

"Safura," alinong'ona. "Minyoo wanyonya damu."

Isihaka aliinama, akatazama, akachukua daftari na kufuta mistari sita ya tegu. "Kwanza dawa ya damu. Ya minyoo tutampa akipata nguvu. Na wale watano, Bwana Zahoro, waanze upya."

"Naweza kuona?" Mwanamvua aliuliza.

Alikodoa jicho kwenye lenzi mpaka kope zikagusa kioo. "Vizuri," alisema kwa mshangao, kisha akaona aibu. "Viliingiaje? Mimi sijavila."

"Haviliwi. Huanguliwa vijinyoo, vikapita unyayoni. Shambani, penye unyevu, pale watu wanapojisaidia."

"Unyayoni? Bila kuuma?"

"Huwasha kidogo tu. Unajikuna, unasahau."

Bi Biubwa alisubiri mpaka kila kitu kimekuwa majivu ndani ya kopo, akayakoroga kwa kijiti, ndipo akatoka.

Nje manyunyu yalikuwa yamepita, na njia ya Vihingo ilikuwa tope jeusi. Wengine walishatangulia. Mwanamvua alifika ukingo wa baraza, chupa ya dawa kifuani, akashusha mguu mmoja mtupu, na kabla haujagusa chini akausimamisha hewani. Akashika nguzo, akaugeuza unyayo juu, akautazama.